Vistari Viwili na Sanduku la Muleba

Leo nimeaibika mbele za Mungu na mbele za watu, na mbele za watu ndiko kunakouma zaidi.

Ninaandika haya nikiwa jikoni kwangu hapa Nshambya, mjini Bukoba, jioni, shati la sherehe bado mwilini. Mama Koku, mke wangu, alinipa chai nilipofika na hakusema neno mpaka jioni hii. Miaka mingi nimeombea ukimya wake (Mungu anisamehe). Leo nimeupata, siku ambayo siutaki.

Mnaonifahamu mnajua kuwa ni mwalimu mstaafu wa hesabu na mzee wa kanisa. Tangu nistaafu ninatunza kumbukumbu za sharika zetu: ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Zamani zilikaa kwenye vitabu. Siku hizi zimo kwenye hifadhidata, yaani kabati kubwa la kumbukumbu ndani ya kompyuta. Kabati hilo halifunguliwi kwa mkono. Linahitaji programu ya kulisimamia. Unaiandikia swali, inakwenda kabatini, inarudi na jibu. Kazi nzuri. Inatufaa sisi wenye magoti mabovu.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo nilipomalizika. Programu yenyewe nayo ina daftari lake la ndani. Humo inaandika mambo yake: nani anaruhusiwa kuingia, makabati gani inayafahamu, na maswali yote ambayo imewahi kuulizwa. Kwa kawaida daftari hilo ni faili dogo tu, linakaa kwenye kompyuta ya mwenye kazi. Kompyuta yangu. Na radi za Bukoba mnazijua.

Maelekezo yalisema ipo njia nyingine. Daftari la ndani linaweza kuhamishwa na kuwekwa kwenye hifadhidata kubwa, kule kwenye seva ya ofisi, yenye betri na kinga ya radi. Tena kuna faida ya pili: wenzetu wa Muleba wakifungua programu kwao, wataona kile kile tunachokiona sisi. Kile kile! Nililisoma neno hilo mara tatu kwa furaha.

Maana Muleba ndiyo sababu ya yote. Kule yuko Ta (yaani Mzee) Ishengoma, karani mstaafu, mtu wa sauti nzito ambaye husoma masomo kanisani bila kipaza sauti. Kwake kuna sanduku la bati, na ndani yake vitabu vinane vya zamani vya ubatizo. Nakala nyingine haipo popote duniani. Mchwa wameshaanza kula pembe. Kwa miaka miwili nimembembeleza avilete tuvipige picha kabla havijawa unga. Jibu lake lilikuwa moja: "Ninyi watu wa mjini mnatudharau." Alichokubali ni kuketi mwenyewe na kunakili kitabu cha kwanza kwenye kompyuta, kisha akanitumia. Mwezi uliopita Mungu akamgusa. Akanipigia simu: "Mwalimu, wekeni mtambo wenu vizuri, mnialike kwa heshima, nitakuja na sanduku."

Siku ya heshima ilikuwa leo.

Niliamka saa kumi na moja alfajiri. Nikasali. Saa kumi na mbili nilikuwa ofisini, peke yangu na kompyuta. Na hapa lazima niwaeleze tabia yangu moja, vinginevyo hamtaelewa kilichonipata.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti kule kule Muleba, nilipozaliwa. Alinifundisha kwamba mkono usiguse jembe kabla mdomo haujamwita Mungu. Sasa mimi jembe langu ni kibodi. Na katika maswali tunayoiandikia hifadhidata kuna kanuni ndogo: ukiandika vistari viwili, chochote kinachofuata kwenye mstari huo mashine haikisomi. Ni mahali pa kujiandikia maelezo tu. Nilipojifunza hilo nikasema moyoni: basi hapa ndipo mahali pangu pa kuzungumza na Bwana. Mashine haioni, Yeye anaona.

Kwa hiyo kila swali langu, tangu siku ya kwanza, linaanza na vistari viwili na sala. (Sala za kweli. Mtu hamfichi Mungu kitu.)

Nikaanza kazi. Nikafungua chumba kitupu kwenye hifadhidata kubwa kwa ajili ya daftari. Nikaiandikia programu anwani ya chumba hicho, pamoja na jina na nenosiri. Ikagoma. Ikaniambia kwamba imetafuta kompyuta inayoitwa "23" na haijaiona. Nami sina kompyuta ya jina hilo! Nikahangaika saa nzima. Kumbe nenosiri langu lilikuwa Zaburi@23, na kwenye anwani ile alama ya @ ina kazi yake: kinachoifuata ndilo jina la kompyuta. Programu ilikuwa inamtafuta mchungaji wangu mwema kwenye mtandao. (Nenosiri nimeshalibadilisha, msijisumbue.)

Nikarekebisha. Ikagoma tena: sina ruhusa ya kuandika ndani ya chumba. Chumba nilichokijenga mwenyewe dakika kumi zilizopita! Nikajipa ruhusa. Nikashusha pumzi. Nikabonyeza.

Ikakubali. Meza za daftari zikajipanga moja baada ya nyingine, nadhifu kama watoto wa kipaimara. Halafu nikafanya kilichonipa fahari kuliko vyote: nikahamisha kila kilichokuwa kwenye lile faili dogo la zamani. Hakikupotea hata kipande. Nilipiga magoti pale pale, juu ya saruji, nikashukuru kwamba hakuna kilichopotea. Sasa ninamuuliza Bwana, kwa unyenyekevu wote, kwa nini.

Kosa la pili niliongeza mwenyewe. Programu iliniuliza nataka akaunti ngapi. Nikafikiri: Bukoba na Muleba ni mwili mmoja. Nikafungua akaunti moja kwa wote. Kompyuta ya Muleba nilikuwa nimeshaiandaa wiki iliyopita. Nikawapigia, nikawapa anwani mpya, wakaingia. "Tunaona!" akasema Ma Adventina, katibu wao. Mimi nikasema asante Yesu. Sikuuliza wanaona nini.

Saa nne ukumbi ulikuwa umejaa. Wazee wa usharika wa Kagondo, wazee wa usharika wa Kaagya, kina mama wa jikoni na harufu ya bitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki sato ikipenya madirishani. Mchungaji wetu amevaa kola. Kompyuta imewekwa mezani na, kwa kuwa uzinduzi bila utepe si uzinduzi, kina mama walikuwa wameifunga kwa utepe mwekundu, kuzunguka kioo na kibodi, na fundo kubwa kama la keki ya harusi. Projekta imewashwa. Nilikuwa nimekuza herufi zote, wazee wa nyuma wasipate shida. (Ndiyo. Mimi mwenyewe. Nilizikuza.)

Gari la Muleba likafika. Ta Ishengoma akashuka na koti lake jeusi, na sanduku la bati akalibeba mwenyewe, asikubali kupokewa. Akaliweka mezani kando ya kompyuta. Tukampa kahawa ya kutafuna, akamwani, kama inavyompasa mgeni. Akatia punje moja mdomoni, nyingine akazishika mkononi. Nilitazama lile sanduku, macho yakanilengalenga. Miaka miwili! Lilikuwa umbali wa mkono wangu.

"Karibu sana, waitu," nikamwambia kwa heshima ya Kihaya. "Utakata utepe, kisha utabonyeza mshale ule pale. Mashine itauliza swali la kwanza."

"Swali gani?"

"Utaona. Ni zawadi."

Nilikuwa nimeandaa swali la kutafuta ubatizo wake mwenyewe, litokee kubwa ukutani, jina lake na la mama yake. Nilifikiri nitamliza. Basi.

Akakata utepe upande mmoja. Makofi. Akainama kwenye kioo, miwani puani. Sasa, Ta Ishengoma ni mtu wa muda. Ratiba ilisema uzinduzi ni saa nne na nusu kamili. Karibu na mshale pana kipicha kidogo cha saa. Yeye akataka kuhakikisha saa.

Akabonyeza saa.

Ile saa, ndugu zangu, si saa ya kuangalia wakati. Ni mlango wa historia. Inaonyesha maswali yote yaliyowahi kuandikwa na akaunti ile, mapya juu, ya zamani chini.

Ukuta ukajaa sala.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, sikuona mara moja. Nilichosikia ni ile sauti ya masomo ya Jumapili. Ta Ishengoma aliona maneno "Ee Bwana" yamepangwa mstari kwa mstari, akadhani ndiyo liturujia ya uzinduzi. Akajinyoosha, akavuta pumzi, akasoma.

"Ee Bwana, ibariki kazi ya mikono yetu asubuhi hii."

"Amina!" ukumbi ukajibu.

"Ee Bwana, asante kwa umeme uliorudi."

"Amina!"

"Uwakumbuke watoto wa Kaagya, ambao majina yao yameliwa na mchwa."

"Amina," wakajibu taratibu, na mama mmoja wa Kaagya akafuta machozi. Hapo nikageuka na kuyaona maneno yangu ukutani. Damu ilishuka mpaka kwenye soksi. Nilijua kinachofuata. Ni mimi niliyekiandika.

"Ee Bwana, umfundishe Mchungaji wetu kwamba hata mahubiri yana mwisho."

"Amina!" wakajibu kwa nguvu kuliko zote. Mchungaji akainua kichwa.

Nikaruka. Nilitaka kufunga kioo cha kompyuta, utepe ukanizuia (kina mama walifunga kweli kweli, na alikuwa amekata upande mmoja tu). Nikavuta waya, nikavuta wa spika. Nikaamua kusimama mbele ya projekta niizuie kwa mwili. Mwanga ukanipiga kifuani. Shati langu ni jeupe. Maneno yakahama kutoka ukutani yakaja kukaa juu yangu, makubwa, yanasomeka vizuri sana.

Ta Ishengoma alikuwa ameshashika kasi. Msomaji mzoefu hasimami katikati ya sentensi. Akanisoma kifuani:

"Ee Bwana, mtumishi wako Ishengoma wa Muleba ameleta tena tarehe thelathini Februari. Wewe uliyeziumba siku, mwambie mwenyewe, maana mimi nimeshindwa."

"AMINA!" akasema mzee mmoja wa Kagondo ambaye masikio yake yamechoka.

Niwaeleze. Katika kile kitabu alichokinakili kulikuwa na mtoto aliyebatizwa tarehe thelathini Februari. Hifadhidata haipokei siku isiyokuwepo. Inamkataa mtu mzima mzima, inakupa namba ya mstari na tarehe, basi. Mara tatu nilimrudishia Ta Ishengoma namba ya mstari, nikamwandikia "sahihisha". Mara tatu aliurudisha vile vile. Nami nikapeleka mashtaka juu.

Macho ya Ta Ishengoma sasa yalikuwa yameshuka mstari mmoja, karibu na mshipi wangu. Akausoma huo nao, polepole, bila sauti ya kanisani.

"Ee Bwana, nisamehe niliyoyasema jana juu ya Ishengoma. Ingawa ni kweli."

"AMINA!" mzee wa Kagondo.

"Mwalimu," akasema Ta Ishengoma. "Hii ni liturujia gani?"

"Waitu, hayo ni maelezo tu! Angalia, yana vistari viwili mbele. Ukiweka vistari viwili, mashine haisomi!"

"Mashine haisomi."

"Haisomi kabisa!"

"Mimi nasoma."

Nyuma kabisa Ma Adventina, aliyekuja na gari la Muleba, akaguna, "Mawe!", yaani mama yangu wee, akajifunika uso kwa kanga. Mpaka sasa sijui alikuwa analia au anacheka. Mchungaji akaanza kusema neno la upatanisho, lakini katikati ya sentensi akanitazama, akalikatisha. (Akamaliza mapema. Sala ilijibiwa, na mimi sikuwa na furaha yoyote.)

Ta Ishengoma akafungua kiganja. Zile punje za akamwani akazirudisha kwenye kisahani, moja moja. Akalikumbatia sanduku lake. Akatoka. Wenzake wakamfuata, bila kula, bila hata kunawa mikono. Kina mama walikuwa wamesimama mlangoni na masinia ya bitoke na sato, wakawapisha njia kama wanapisha jeneza.

Mgeni ametoka Muleba mpaka Bukoba na kurudi na njaa. Na vitabu vinane vimerudi kwa mchwa. Kwa sababu yangu. Nimefundisha miaka mingi, nimeshika vitoto vya watu mikono nikivifundisha kuandika, na sikuwahi kujifunza mahali pa kutoandika.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Sikutaka kupanda kitu chochote chenye watu.

Saa kumi na moja jioni nikafungua kompyuta nifute ile historia yote. Nilitaka isibaki hata herufi. Nikabonyeza kile kipicha cha saa. Juu kabisa, juu ya sala zangu zote, kulikuwa na mistari ambayo sikuiandika. Imeandikwa nusu saa kabla. Akaunti moja, mnakumbuka? Mwili mmoja.

Ninanakili kama ilivyo:

-- Ee Bwana, ninaandika mahali ambapo mashine haisomi. Mwalimu atasoma.

-- Tarehe thelathini Februari sikuitunga mimi. Imo kitabuni kwa wino. Mwandiko ni wa mwinjilisti wa wakati ule, baba yake Mwalimu.

-- Mtoto aliyebatizwa siku hiyo ni mtoto wake wa kwanza, jina lake ni la Mwalimu mwenyewe. Nadhani furaha ilimchanganya mzee.

-- Nilishindwa kumsahihisha marehemu. Na nilishindwa kumwambia mwanawe. Nikawa ninarudisha kama ilivyo, nikitumaini siku moja atasoma jina badala ya namba.

-- Sanduku haliji tena Bukoba. Akilitaka aje alifungue hapa kwangu, aukute mwandiko wa baba yake. Na aje na wale sato, maana harufu yake ilitufuata mpaka tunavuka mto.

Nilisoma mara nyingi. Cheti changu cha ubatizo kinasema tarehe moja Machi. Alikiandika baba miaka mingi baadaye, nikiwa ninakwenda shule. Bila shaka alikaa akahesabu siku, akaona aibu, akasogeza mbele kimya kimya. Baba yangu! Mwanamume aliyenipiga kiboko kwa kukosea jedwali la saba!

Mama Koku alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisoma mpaka mwisho. Ndipo akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Kwa hiyo hujabatizwa."

"Nimebatizwa, Mama Koku. Ni mashine ndiyo iliyonikataa."

"Mashine hiyo hiyo unayoisifia kwamba haikosei."

Miaka miwili ninawaingiza watu wa sharika zetu kitabuni mmoja mmoja, walio hai na waliolala, na mimi mwenyewe simo. Nimesimama nje ya mlango, nimeshika ufunguo, ninawapigia kelele wengine wasahihishe.

Historia sikuifuta. Niliweka vistari viwili, nikaandika "Amina", nikabonyeza mshale. Mashine ikajibu kwamba kazi imefanyika na hakuna kilichobadilika.

Mama Koku sasa anapasha moto sato waliobaki ukumbini kwenye jiko la mkaa, anasema wataharibika usiku wasipokaushwa. Kesho asubuhi ninakwenda Muleba, sufuria magotini, kumwomba radhi Ta Ishengoma kwa mdomo, mbele ya sanduku lake, na bila kutumia kibodi. Kama atanipokea sijui. Kama vitabu vitapona sijui. Mniombee.

Na tafadhali, msicheke. Mkishindwa kabisa, basi chekeni baada ya vistari viwili.